Upande wa Mama

"Mwanangu, huku kwangu kunatoka joto."

Mama alisema hivyo mwezi wa kwanza, hapa Tanga, tukitoka Raskazone kurudi Chumbageni, saa nane mchana, kaskazi imekaza na jasho halikauki mwilini. Mimi kwenye usukani nilikuwa napigwa na baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Nikanyoosha mkono mbele ya tundu la upande wake, nikahisi upepo wa vuguvugu, nikasema ni jua la dirishani kwake. "AC ni moja, mama, na gesi ni moja. Haiwezi kukubagua wewe." Akanyamaza, akateremsha kioo, akajipepea kwa upindo wa kanga mpaka tukafika.

Jibu lile linaniuma hadi leo. Mama ni muuguzi mstaafu. Miaka yake yote ya kazi pale hospitali ya Bombo alikuwa mtu wa kupima kwanza, dawa baadaye. Mimi niliyekuwa nikimbishia sikuwa nimepima chochote. Tena nilikuwa nimekosea kabisa, kwa sababu kwenye gari kama langu AC inaweza kumbagua mtu. Imeundwa ibague.

Gari langu ni la Kijapani, lilitumika hukohuko kabla ya kuletwa kwetu, na lina kile kitufe kilichoandikwa DUAL. Ukikibonyeza, dereva anajiwekea nyuzi 18 na aliyekaa kushoto anajiwekea 25, kila mtu na hali yake ya hewa. Nilikuwa nadhani nyuma ya dashibodi kuna AC mbili ndogo ndogo. Hakuna kitu kama hicho. Feni ni moja. Koili ya kupoza ni moja. Na mbele kidogo ya koili hiyo, kufuata njia ya upepo, kuna rejeta ndogo ya hita, nayo ni moja, inayopitisha maji ya injini yenye joto la karibu nyuzi 90. Hewa yote hupita kwanza kwenye koili, ikapoa na kuacha unyevunyevu wake pale. Ndiyo yale maji yanayodondoka chini ya gari ukiegesha. Kisha hukuta vilango viwili vya plastiki, cha kulia na cha kushoto. Kilango kikiziba njia ya hita, hewa inakufikia na ubaridi wake wote. Kikiachia kidogo, sehemu ya hewa inazunguka kwenye ile rejeta ndogo, inapata moto, halafu inarudi kuchanganyika na iliyobaki. Kikiachia chote, unapata joto tupu. Kumbe ile 18 na ile 25 ni vilango tu vinavyosogezwa, kila kimoja na kimota chake cha umeme kisichozidi kiganja cha mtoto.

Hili la hita ndilo linalotupita sisi watu wa pwani. Mwaka mzima hatuigusi, tunaona kama haimo garini. Lakini katika magari mengi maji yale ya moto yanazunguka mle muda wote injini inapowaka, iwe Desemba iwe Julai, umeitaka hita au hukuitaka. Kinachoyatenga na uso wa abiria wako ni kibao cha plastiki.

Mwezi wa pili nikapeleka gari gereji. Fundi akafunga geji, akatazama mshale wa bluu, ule wa shinikizo dogo, akasema gesi imepungua. Akajaza, nikalipa. Upande wa mama ukabaki vilevile. Baada ya wiki mbili nikarudi, akaongeza. Mwezi wa tatu akaongeza tena. Baada ya mara hiyo ya tatu hata upande wangu ukaanza kupoteza makali, na nikisimama mahali na injini inaunguruma, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inakata na kurudi, inakata na kurudi.

Sitaki kumtupia fundi yule lawama zote. Gesi ikipungua kweli, upande mmoja huweza kupoa na mwingine ukabaki na joto, na sababu yake inaeleweka ukiifuata polepole. Gesi ikiwa majimaji hupitia valvu nyembamba, ikaingia kwenye koili, ikaanza kuchemka mle ndani kwa ubaridi, na huko kuchemka ndiko kunakonyonya joto la hewa. Ikiwa ya kutosha, inachemka kuanzia mwanzo wa koili mpaka karibu na mwisho. Ikiwa kidogo, inakwisha kuchemka njiani. Kipande cha mwanzo kinakuwa baridi kama barafu na kile cha mwisho hakina kazi. Hewa inayopita kwenye kile kipande kilicholala, kwenye magari mengine, ndiyo inayoangukia matundu ya upande mmoja. Kwa hiyo dhana ya gesi haikuwa ya kipuuzi. Tatizo ni kwamba ilibaki dhana, na dhana ile ikatiwa ndani ya gari langu mara tatu.

Na geji peke yake inadanganya. Gesi ya R-134a, iliyo kwenye mengi ya magari haya, ikiwa imetulia kwenye nyuzi 30 hukaa karibu na shinikizo la psi 97, na itakaa hapo ikiwa mtungi umejaa au una tone la majimaji lililobaki. Kwa hiyo geji iliyosomwa injini ikiwa imezimwa haikuambii kiasi. Injini ikiwaka, mshale wa bluu bila ule mwekundu, wa shinikizo kubwa, ni nusu ya habari. Kiasi cha gesi kinajulikana kwa mizani: inatolewa yote, inapimwa, inarudishwa kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Fundi asiye na mizani anakisia, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi.

Jibu nilikuja kulipata mlimani.

Mwezi wa saba tulialikwa harusi Lushoto. Tukapita Muheza, Segera, Korogwe, na Mombo tukateremka kununua maji kwa sababu joto lilikuwa bado la tambarare. Kutoka pale ni kupanda tu, kona juu ya kona, kilomita thelathini na kitu. Tulipokaribia Soni ukungu ukashuka, vioo vikafunga, na mimi kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari lile nikapandisha hita mpaka mwisho, upande wa kulia na wa kushoto, huku nimeiacha AC ikifanya kazi ili ikaushe vioo. Dakika chache tu miguu yangu ikaanza kupata uhai. Mama alikuwa amejikunyata ndani ya kanga mbili na sweta.

"Mwanangu, huku kwangu hakuji joto."

Nikasimamisha gari pembeni. Safari hii niliweka kiganja, nikakiacha hapo. Kwangu hewa ilikuwa inachoma. Kwake ilikuwa ya vuguvugu tu, haina baridi haina moto. Upande uleule. Kule chini kwetu alikosa baridi, huku juu anakosa joto.

Mama ndiye aliyelitamka. "Huku kwangu hakubadiliki kitu. Tanga hivi, Lushoto hivi. Ukiona mgonjwa yu vilevile umpe dawa hii umpe ile, tazama kama dawa inamfikia."

Nilikaa kimya nikiifikiria ile sentensi kona zote zilizobaki. Gesi ikipungua inaharibu baridi. Haina njia ya kuharibu joto. Maji ya rejeta yakiwa na kasoro yanaharibu joto. Hayawezi kuleta vuguvugu mtu akitaka baridi. Kitu kinachoweza kuharibu vyote viwili, kwa mtu mmoja, ni kile kinachosimama katikati ya baridi na joto. Ni kilango. Kimekwama nusu njia.

Tuliporudi Tanga nilitaka namba. Dada yangu anauza samaki, ana kipimajoto cha friza chenye ncha ndefu kama sindano ya kushonea gunia. Nikakiazima. Tukaegesha chini ya mwembe, vioo vimefungwa, injini imeshapata moto, feni kasi ya kati, hewa ya ndani inazunguka yenyewe bila kuvuta ya nje. Mama akakaa mahali pake, miwani puani, daftari pajani. Nilifunga kipimajoto kwenye tundu kwa mpira wa kufungia hela. Akanizuia nisikisome mapema. Alisubiri dakika kumi kwa saa yake ya mkononi, ileile aliyokuwa akihesabia mapigo ya moyo wodini, ndipo akaandika. Baridi ya mwisho: kulia 13, kushoto 31. Kisha tukazima AC, tukapandisha hita mpaka mwisho, tukasubiri tena huku tunatokwa na jasho. Kulia 58, kushoto 41. Akachora mstari chini ya namba zile kama alivyokuwa akifanya kwenye faili la mgonjwa.

Kama kuna kitu kimoja ningependa kila mwenye gari la namna hii akifanye kabla ya kutoa hela, ni hicho: pima pande zote mbili kwenye baridi, halafu pima pande zote mbili kwenye joto. Watu wanaruka hilo la pili kwa kuwa hita hawaihitaji. Lakini ndilo linalofungua fumbo.

Jirani yangu alinisikia nikieleza hili akaomba na yeye tumpimie, maana gari lake lilikuwa na ugonjwa kama wetu. Baridi yake ilipishana nyuzi tisa baina ya kulia na kushoto. Joto lilikuwa sawasawa pande zote. Huyo ndiye wa gesi. Fundi alipompaka povu la sabuni kwenye viungo na mbele kwenye kondensa, ile rejeta ya gesi, povu likaanza kutoa vipovu vidogo mahali ambapo kokoto ya njiani ilikuwa imegonga. Kumjazia gesi bila kuziba pale kungekuwa kumwaga maji kwenye pakacha.

Na kule Lushoto tulimwacha mjomba ambaye gari lake ni kinyume chake. AC haina neno, ila hita inatoa moto upande mmoja tu. Rejeta yake inajazwa maji ya bomba siku zote, hajawahi kuweka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, na fundi mmoja alishamtolea thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, eti injini isichemke. Maji matupu yanaleta kutu na magamba, na vile vijia vya rejeta ndogo ya hita ni vyembamba, huziba kwanza vile vya mbali. Ukishika mipira miwili ya maji ya hita inayoingia kwenye ukuta baina ya injini na abiria, wote unapaswa kuwa wa moto. Kwake mmoja ulikuwa moto na wa pili vuguvugu. Bila thamostati, maji yenyewe hayafikii joto lake kwenye baridi ya mlimani. Sisi wa pwani tufikirie hilo pia: maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi kwenye injini haina rehema. Hata hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa maji inatosha kuupa joto upande mmoja na kuunyima mwingine. Utaisikia ikibwabwaja nyuma ya dashibodi ukikanyaga mafuta.

Kuna tofauti nyingine ambayo si ugonjwa. Magari mengine yana kijicho juu ya dashibodi, karibu na kioo, kinachopima jua limepiga upande gani. Nenda Horohoro, kaskazini mpakani na Kenya, asubuhi, jua liko kulia kwa dereva, na gari lenyewe litazidisha baridi upande wa dereva kwa makusudi. Ukikifunika kijicho hicho kwa kofia au kwa yale mazulia ya manyoya tunayotandika kwenye dashibodi, hesabu zake zinavurugika. Sisi tulipima kivulini kwa sababu hiyo.

Na daftari la mama mkononi nikaenda kwa fundi umeme wa magari Ngamiani, kijana mdogo, anafanyia kazi kibarazani. Nikamwamkia mzee aliyekuwa ameketi naye, nikamwonyesha fundi zile namba nne. Akazisoma, hakuuliza habari ya gesi. "Hiki kilango, kaka."

Akabonyeza kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, akashikilia vyote viwili huku akifungua swichi. Baadhi ya magari ya Kijapani hujipima yenyewe kwa namna hiyo. Taa za vitufe zikawakawaka, skrini ikaanza kuonyesha tarakimu. Lakini alichokifanya baadaye ndicho kilichonishika. Alizima redio, akainamisha kichwa kwenye miguu ya kiti cha kushoto, akaniambia niwashe. Tukasikia: ka-ka-ka-ka-ka, kama mjusi ukutani, sekunde tano au sita, kisha kimya.

Mama alikuwa ameketi nyuma. "Si nilikwambia kuna mjusi humu?"

Kweli alikuwa amenieleza, tangu Desemba. Nilimwambia labda ni jani limeingia kwenye feni.

Fundi akachomoa droo ya dashibodi, akapenyeza mkono. Skurubu tatu. Akatoa kimota cheusi, akakifungua kwa bisibisi nyembamba juu ya gazeti. Ndani kulikuwa na gia nyeupe za plastiki zimepangana, ndogo inaisukuma kubwa, na kwenye ile kubwa meno mawili hayapo. Palipokuwa na meno palikuwa na ulaini kama ufizi wa mzee. Mota ilikuwa inazunguka, inafika pale penye pengo, inateleza, inajaribu tena. Ule ndio uliokuwa mlio wetu. Kilango kikabaki pale kilipoachwa, chini kidogo ya nusu.

Hakukimbilia kununua. Kwanza akakishika kilango chenyewe kwa vidole, akakipeleka mwisho huku na mwisho kule, kikaenda laini. Aliniambia kingekuwa kimevunjika ekseli yake, tungeng'oa dashibodi nzima, kazi ya siku mbili. Kisha akaleta mota ya upande wangu, akaichomeka kwenye soketi ya upande wa mama. Ikazunguka vizuri. Kwa hiyo waya na kompyuta vizima, kilichokufa ni ile gia. Hakuna hatua iliyochukua zaidi ya dakika kumi, na kila moja iliziba mlango wa hela yangu kupotea.

Mota ya mtumba ilitoka Dar kwa basi, siku ya tatu ikafika. Alipoifunga alitoa teminali ya betri kwa muda, akairudisha, akawasha, na tukasikia vilango vikienda mwisho na kurudi mara moja kila upande. Alisema gari linajifunza upya mwanzo na mwisho wa kila kilango. Mjusi hakulia.

Ikabaki gesi. Yeye mizani alikuwa nayo. Alifunga geji zote mbili, ule mwekundu ukapita psi 300 tukiwa tumesimama kivulini. Akaivuta gesi yote kwenye mtungi, akaipima: gramu 690. Kibandiko chini ya boneti kinasema 480. Nilikuwa nimeilipia ile ziada, gramu mia mbili na kumi, na ndiyo iliyokuwa ikiikaba kompresa na kula ubaridi wa upande wangu. Alivuta ombwe dakika arobaini ili unyevu utoke, kwa kuwa maji yakikutana na gesi na oili mle ndani yanazaa tindikali, kisha akarudisha 480 kamili. Nilifurahi kuona hakuifungulia hewani. R-134a haitoboi ozoni kama ile R-12 iliyopigwa marufuku kwa mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, lakini kilo yake moja inahifadhi joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya hewa ukaa (kaboni dioksidi). Mafundi wengi wanaiachia tu ipulize, hadi baraza zima linapata ubaridi kwa dakika moja.

Mota yote haikugharimu hata bei ya kujaza gesi mara moja.

Jioni ile mama alidai tupime tena, na safari hii hakutaka nifunge kipimajoto mimi. Alikifunga mwenyewe, kwanza kulia, akaandika, kisha kushoto. Dakika kumi na dakika kumi. Nilimwona anaitazama ile saa, midomo inatikisika kidogo kama anayehesabu. Kulia 9. Kushoto 9 na nusu.

"Nusu hiyo?" nikamuuliza.

"Nusu hiyo ni yangu," akasema, akakichomoa, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakirudisha kwenye mfuko wake. "Washa. Tumpelekee dada yako kabla friza halijafungwa, na tuchukue samaki."